Mupepo, Karibu

"Usimutoshe ile mpira ya oksijeni! Muganga, nakuomba, usimutoshe!"

"Mama Prodige, acha mukono yangu."

"Mutoto anakufa!"

"Hafi. Angalia mwenyewe. Tisini na nane! Hata mi sina tisini na nane."

Muuguzi Daphrose alimgeuzia kile kipimo kidogo kinachobana kidole. Namba nyekundu zilikuwa zinawaka vizuri. Kwa kipimo hicho, damu ya mtoto ilikuwa imejaa oksijeni. Lakini Scholastique hakutazama namba. Alitazama midomo ya mwanawe wa miaka mitano, iliyokuwa na rangi ya majivu, na mbavu zilizodidimia kila alipovuta pumzi.

"Hiyo kitu yako inadanganya," akasema.

"Mashine ya hewa ni moja, mama. Kipimo cha Bibi Mwanasiti ni themanini na mbili, pumu inamukaba. Unataka nifanye nini?"

Kwenye kitanda cha pili, mwanamke mzee aliinua mkono. "Muachie mutoto," alisema kwa kukatakata. "Mi nimepumua miaka mingi... nimeichoka."

"Bibi, usinichekeshe, niko kazini," alisema Daphrose, na sauti yake ilikuwa karibu kulia. Akautoa ule mpira puani mwa Prodige, akauweka puani mwa bibi.

Scholastique akaweka sikio juu ya kifua cha mwanawe. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya mashamba ya mpunga ya Buterere, na vyura walikuwa wanalia mchana kama usiku. Alisikia pumzi ya Prodige, fupi na ya haraka, kama ya mtoto anayekimbia. Halafu, chini yake, akasikia pumzi nyingine. Hiyo ilikuwa ndefu. Ilivuta polepole, ikashusha polepole, kama mtu mzima aliyeshiba na kulala.

Akainua kichwa. Harufu ya tope la mpunga ilikuwa inatoka mdomoni mwa mtoto.

"Muganga," alinong'ona. "Kuja usikie. Wako wawili."

Daphrose alikuja akiwa na hasira bado, akainama, akasikiliza, na hasira ikamtoka usoni. Alikitoa kipimo kwenye kidole cha Prodige, akakibana kwenye chake: tisini na sita. Akakitoa, akakiweka kitupu juu ya shuka, akasubiri kizime kama kinavyozima siku zote.

Hakikuzima. Kilionyesha tisini na nane, na wanawake wawili waliokuwa wameinama juu yake, bila kuthubutu kugusana wala kupumua kwa nguvu, walikiona kikifungua mdomo wake wa plastiki polepole, peke yake, kama kinavyofunguka mtu anapoingiza kidole kinene, kisha kikajifunga tena juu ya kidole hicho ambacho hakikuwepo, na namba ikapanda ikawa tisini na tisa.

"Yesu wangu," Daphrose alisema.

"Nani alimukaribisha?" aliuliza Bibi Mwanasiti. Alikuwa amekaa kitandani, mpira puani, macho makubwa. "Hawa hawaingii hivi hivi. Nani alisema karibu?"

Scholastique akashika mdomo wake.

Ilikuwa asubuhi ya siku hiyo, mashine ikiwa bado kwa mgonjwa mwingine. Prodige alikuwa anatafuta hewa kama samaki, na yeye hakuwa na kitu cha kumpa. Akafungua dirisha la upande wa mashamba. Akakumbuka jinsi mtoto wake anavyopenda mlango wa nyumbani, jinsi anavyokimbia kuufungua kila mtu akibisha: mtu mmoja humwambia karibu, wakiwa wawili huwaambia karibuni, na hakosei hata siku moja. Basi naye akasema kwa sauti, mikono wazi, kuelekea mpunga:

"Mupepo, karibu. Ingia mu mutoto wangu."

"Nilikuwa naita hewa," alisema sasa, akilia. "Kwetu Bukavu, mupepo ni hewa tu! Ni hii ya kupumua!"

"Kwenu ni hewa," alisema bibi. "Kwetu Buyenzi, pepo ni jini. Na yeye hakuuliza ni Kiswahili cha wapi. Alisikia jina lake na karibu."

"Basi atoke! Mupepo, toka! Toka mu mutoto wang—"

Kifua cha Prodige kikasimama.

Hakuna pumzi fupi. Ile ndefu tu, imeridhika, ikivuta na kushusha ndani ya kifua kisichosogea, na kwenye shuka namba inawaka tisini na tisa.

"Nyamaza!" bibi alipiga kelele. "Utatosha yote mbili, hewa na pepo! Jina ni moja!"

Daphrose alikuwa tayari ameweka mikono juu ya kifua, anasukuma, analia, anasukuma. Bibi alikuwa anasoma dua kwa pumzi zilizokatika, maneno yakimpotea kwa kukosa hewa, na Scholastique, aliyejua kwamba hawezi kumfukuza yule bila kumfukuza mwanawe pamoja naye, alipiga magoti, akaweka mdomo wake kwenye mdomo mdogo ule wa baridi, akanong'ona ndani yake neno ambalo alijua litasikika.

"Kuja kwangu. Mi niko mukubwa, niko na nafasi. Karibu."

Tope likaingia puani mwake. Baridi ikashuka hadi tumboni, ikakaa.

Prodige akakohoa.

Daphrose alinyakua kipimo, akakibana kwenye kidole cha mtoto. "Sabini na moja!" alisema, akacheka na kulia pamoja. "Sabini na moja! Asante Mungu, ni mbaya sana! Ni yeye!"

Bibi Mwanasiti alikuwa amekwisha kuuvua mpira. "Chukua," alisema. "Mi nitaomba tena baadaye."

Walikaa wakitazama. Sabini na nane. Themanini na nne. Tisini. Midomo ya Prodige ikarudi polepole kuwa midomo ya mtoto.

Lakini Scholastique alikuwa ameshatoka nje, amesimama mvuani.

"Usimukaribie," bibi alimwambia kupitia dirisha, kwa upole. "Haiingii mahali haijakaribishwa. Nenda, uombewe. Ikitoka, utarudi."

Akaombewa, kanisani Kamenge na kwa shehe wa Buyenzi. Akafunga hadi miguu ikamkataa. Alipoona pumzi yake imekuwa moja tena, alirudi kwa Daphrose, akaomba apimwe. Tisini na saba. Daphrose akakiweka kipimo kitupu juu ya meza. Kikazima.

"Umeona?" Daphrose alisema, akamkumbatia. "Imeisha, mama Prodige. Leo mutoto anatoka. Nenda umuchukue."

Alikwenda peke yake kwenye korido. Hakukuwa na mtu mbele yake wala nyuma. Akasimama mbele ya mlango wa chumba, akabisha, na akasikia miguu midogo ikikimbia, kama zamani nyumbani.

Mlango ukafunguka. Prodige alikuwa amenenepa mashavu. Alimtazama mama yake, akacheka. Kisha akatazama juu kidogo, nyuma ya bega lake, akasogea pembeni kuacha nafasi kubwa.

"Karibuni," akasema.