Kitambaa cha Siku Kumi na Tisa

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua sare, kazi yangu ya kwanza ni kumtungia Bibi uzi. Bibi ni fundi cherehani. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ingawa mshono wake haujawahi kwenda upogo, tundu la sindano siku hizi halioni. "Macho yangu yamestaafu bila kuniaga," husema. Wakati natafuta uzi, yeye hukanyaga cherehani kidogo bila kitambaa, nami nilidhani anaipasha moto. Kisha ananiuliza habari za shule, nami nazimwaga zote. Darasani wananiita Redio, na sikatai, maana kunyamaza sijui.

Siku moja mwalimu wetu wa historia alitupa kazi. Wiki ya kukumbuka mauaji ya kimbari ilikuwa inakaribia. Kila mmoja wetu alitakiwa kumsikiliza mzee aliyenusurika, kisha aandike ushuhuda wake. Insha moja ingechaguliwa kuwekwa katika kitabu cha kumbukumbu cha maktaba ya mji, pamoja na sahihi ya shahidi mwenyewe.

Nilijua kwamba Bibi alinusurika. Ilikuwaje, sikuwahi kuuliza.

"Nilikuwa na miaka tisa," Bibi aliniambia, mguu umetulia juu ya kanyagio. "Walikuwa wanaua watu wa kabila letu, wakubwa kwa wadogo. Kosa letu lilikuwa kuzaliwa tu. Baba, Mama na kaka zangu wawili waliuawa siku moja. Mimi nikakimbilia kwa fundi cherehani, jirani yetu. Yeye hakuwa wa kabila letu. Alinificha chini ya meza ya kukatia nguo, nyuma ya magunia ya vipande vya vitambaa. Shida ni kwamba nilikuwa na kikohozi. Basi wauaji wakipita, anakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikike. Siku kumi na tisa, mpaka mauaji yalipokomeshwa."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo hivyo, mjukuu wangu. Niko hapa nangoja unitungie uzi."

Niliwahuzunikia sana wale kaka. Lakini nilipokaa kuandika, niliona habari yenyewe imepoa. Fundi hakufanya lolote ila kushona. Nani angeichagua? Basi nikatia chumvi. Niliandika kwamba wauaji kumi waliingia ndani, fundi akawakabili kwa mkasi, akawajeruhi watatu, na waliobaki wakatimua mbio. Nilipoisoma darasani, wenzangu walipiga makofi, na mwalimu akajifuta machozi.

"Tutapeleka hii," alisema. "Ijumaa mwalike bibi yako. Tutamsomea mbele ya wote, kisha atie sahihi."

Bibi alifurahi kualikwa, akapiga pasi gauni lake zuri siku mbili kabla. Mimi nilikuwa kimya. "Redio imeishiwa betri?" alinitania. Nikasema naumwa kichwa.

Ijumaa Bibi alifika na kifurushi kidogo mkononi, akaketi mbele karibu na ubao. Mwalimu akafungua daftari langu. Bibi alinitazama, akatabasamu, na tabasamu lile likanimaliza. Ama angetia sahihi uongo ili asiniaibishe, ama angesema mbele ya darasa zima kwamba mjukuu wake ni mwongo. Sikutaka achague. Nikasimama.

"Samahani, Mwalimu, usisome. Mambo ya mkasi nimeyatunga mimi. Bibi hakusema hivyo."

Jirani yangu wa dawati akauliza polepole, "Kwa hiyo yote ni uongo?"

Swali hilo liliniumiza kuliko fimbo. Kaka zake Bibi walikuwa wamekufa kweli, na mimi ndiye niliyefanya watu waanze kuwatilia shaka.

Bibi akainuka. Hakunikaripia. "Umeuliza vizuri," alimwambia mwenzangu. "Wapo watu wazima wanaosema mauaji yale hayakutokea. Wanatafuta uongo mmoja tu, wapate kusema yote ni uongo. Ndiyo maana nimekuja na hiki."

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha bluu kilichopauka, ukubwa wa foronya.

"Siku zile hapakuwa na mteja. Lakini cherehani inayolia bila kitambaa ingewashtua wauaji waliochungulia dirishani. Fundi alikuwa amebakiwa na kitambaa hiki kimoja. Alikishona mchana kutwa, akakifumua alfajiri, akaanza tena."

Kitambaa kikapita dawati kwa dawati. Jirani yangu alikiinua dirishani, mwanga ukapenya kama kwenye chekecheo. Alianza kuhesabu matundu ya sindano, akafika mia mbili upande mmoja tu, akaacha.

"Fundi hakuogopa?" aliuliza.

"Aliogopa sana. Mimi pale chini nilikuwa naiona miguu yake. Ilitetemeka, na bado ilikanyaga. Mjukuu wangu amempa mkasi ili awe shujaa, lakini mimi niliokolewa na mtu aliyeogopa."

Jioni nilimwomba Bibi msamaha huku nalia. Akanifuta machozi kwa upindo wa gauni lake. "Umesimama mwenyewe, nimekusamehe na ninakushukuru," alisema. "Lakini shika neno hili. Waliokufa hawawezi kurudi kusahihisha insha yako. Ukweli wao tumeachiwa sisi. Usiupunguze, wala usiuongeze."

Niliandika upya, nikamsomea Bibi neno kwa neno, naye akatia sahihi.

"Fundi mwenyewe yuko wapi?" nilimuuliza.

"Alishafariki. Alinilea, akanifundisha kushona. Kama si yeye, mama yako asingezaliwa, wala wewe."

Jumatatu nilirudi kutoka shule, nikachukua uzi. Bibi akaanza kukanyaga cherehani bila kitambaa, kama kawaida yake. Safari hii nilihesabu. Alikanyaga mara kumi na tisa, akaacha.

"Bibi, kumbe huwa huipashi moto?"

"Huwa namshukuru," alisema. "Haya, sogeza mguu wako hapa."

Nikaweka mguu kando ya wake, tukaanza kuhesabu upya.