Jumanne, Saa Nane na Dakika Saba

Wewe ungefanya nini kama kompyuta ingekutajia saa aliyokufa dada yako? Rafiki yangu aliendelea kubonyeza.

Aliomba kazi makusudi katika kampuni ile ya programu za kompyuta, akalie kiti cha marehemu dada yake, aliyegoma kupitisha programu mbovu, kisha akakutwa amekufa chini ya ngazi za ofisi. Kazi yenyewe ilikuwa kupima namna programu hiyo inavyogeuza tarehe kuwa maandishi. Mchana ule, kila tarehe aliyoingiza ilitoka vilevile: Jumanne ya msiba, saa nane na dakika saba.

“Umeiandika mwenyewe, bibie,” meneja alicheka, amesimama nyuma yake. “Usinichezee.”

“Basi weka yako, bosi.”

Akaweka siku yake ya kuzaliwa. Ikatoka Jumanne ileile. Umeme ukakatika, chumba kisicho na dirisha kikawa giza totoro, lakini vitufe vya kompyuta vikaendelea kulia, tak, tak, tak, ilhali mikono ya rafiki yangu ilikuwa mapajani na meneja alikuwa amemng'ang'ania bega.

“Polisi waliandika kwamba dada alikufa saa tisa,” rafiki yangu alisema taratibu, kwa sauti ya kumkaribisha mgeni. “Saa nane na dakika saba kulikuwa na nini?”

Vitufe vikanyamaza. Nje ya mlango, ngazi zikaanza kulia hatua kwa hatua. Mtu alikuwa anapanda.

“Mwambie asiingie,” meneja alinong'ona. “Nilimsukuma mimi.”