Nilisema ni Mgongo

Kila asubuhi nilikata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe huku Bibi akikamua. Mwezi ule Bibi aliacha kukamua, kwa sababu kuchuchumaa kulimshinda. Vitambaa alivyofua hakuvianika uani. Alivificha stoo, na madoa ya damu hayakutoka.

Bibi anaongea Kimeru. Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu. Kwa hiyo tulipoteremka zahanati, mimi Eunike wa darasa la sita ndiye niliyemtafsiria. Tabibu alikuwa Calvin, kaka wa Nancy ninayekaa naye dawati moja!

"Shikamoo, Bibi. Unasumbuliwa na nini?"

Bibi alitazama sakafu, akaniambia kwa Kimeru, "Mwambie ule wavu niliowekewa ukeni kushikilia kizazi kiliposhuka, miaka sita iliyopita, sasa unanichoma. Natoka damu."

Masikio yaliniwaka. Kesho Nancy angejua! Nikasema, "Anaumwa mgongo."

Tukapewa dawa za maumivu. Njiani Bibi alinishika mkono, akanishukuru. Shukrani ile inaniuma mpaka leo.

Siku ya nne nilimkuta amejikunja kitandani, mwili unachemka, chumba kinanuka.

"Gauni langu la Pasaka limo sandukuni," alinong'ona. "Mtanivika hilo."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilikimbia hadi zahanati nikamweleza Calvin kila kitu, huku nalia. Hakucheka. Alipiga simu, gari likaja, Bibi akapelekwa hospitali kubwa mjini, nami nikiwa naye.

Daktari Hanna, bingwa wa upasuaji, alimpima. "Wavu umetoboa ukuta wa uke, na usaha umeanza kusambaa," alisema. "Tunamwingiza chumba cha upasuaji sasa hivi. Siwezi kukuahidi kitu."

Mlango ulifungwa. Nilikaa kwenye benchi saa tatu nzima nikilifikiria lile gauni.

Daktari alipotoka, barakoa ikining'inia shingoni, alisema, "Tumeutoa wavu, tumesafisha na kushona. Atapona. Siku mbili zaidi, tungempoteza."

Bibi alipozinduka, nilipiga magoti nikakiri.

"Nilijua," akasema taratibu. "Neno mgongo nalielewa, mjukuu wangu. Nilinyamaza kwa sababu hata mimi niliona aibu, nikafurahi umenisitiri. Tazama aibu yetu ilikotufikisha. Uke ni kiungo kama jicho. Kikiuma, kitajwe kwa jina lake. Haya, mwite daktari."

Daktari Hanna akaja. Bibi alisema panapouma, nami nikatafsiri neno kwa neno, kwa sauti, wodi nzima ikisikia.