Anayewalisha Damu

Mtoto alikuwa na homa siku ya nne, na babu yake, fundi makufuli, alimkataza shangazi mtu asimguse.

Shangazi mtu alikuwa binti wa fundi mwenyewe, msomi wa maabara. Fundi alimsikia kwa masikio yake akisema kwenye simu, "Nimewalisha damu asubuhi. Wamezaliana vizuri." Tangu hapo akawa anamtazama kwa jicho la pembeni. Damu ya nani? Na hao wanaolishwa ni akina nani? Binti akipita, fundi humfunika mjukuu shuka.

"Yule ni mwanao, si mchawi," mkewe akamwambia.

"Mfuga majini hajitangazi."

Binti alikuwa mlangoni. Alicheka, lakini machozi yalimlengalenga.

"Baba, nafuga wadudu wa malaria kwenye chupa. Wanaitwa vimelea. Wanaishi ndani ya damu, na watu wametupa damu hiyo kwa hiari. Wakifa njaa, nitachunguza nini?"

"Nilikusomesha utengeneze dawa, wewe unanenepesha maradhi!"

"Si ulinifunza wewe, hapo kwenye benchi lako? Ulisema jino moja la ufunguo likikosea, kufuli halifunguki. Basi kimelea hubadili kitasa chake, dawa ikagoma. Mimi natafuta alipobadilisha." Akamgeukia mtoto. "Mwezi uliopita alipougua malaria, alimaliza dozi?"

Fundi akakohoa. Akatoa mfukoni karatasi yenye vidonge sita. "Homa ilishuka, nikamwekea akiba. Nimpe sasa?"

"Hapana! Uliua wadudu dhaifu, ukawaachia sugu nyumba. Apimwe kwanza."

Fundi akambeba mtoto hadi hospitali. Mpimaji alipomtoboa kidole, fundi alimkodolea macho. "Tone moja tu, bwana!"

Tone lile lilitosha kuonyesha malaria, na kwamba damu ya mtoto imepungua mno. Alilazwa, akaongezewa damu, akapewa dawa. Safari hii zilimezwa zote hadi kidonge cha mwisho, fundi akisimamia kama askari. Wiki haikuisha, mtoto akawa anadai mpira wake.

Shaka na akiba za fundi ziligharimu hivi: vidonge sita vilivyolala mfukoni, siku nne za homa, na chupa moja ya damu. Damu hiyo ilitoka mkononi mwa shangazi mtu.