Mjukuu wa Shababi

“Mimi si mtoto wa jirani!” Mtoto alipiga kelele katikati ya sebule, akavua kiatu akamtupia babu yake. “Mimi ni mjukuu wako!”

Mafundi wa televisheni waliokuwa wakifunga taa wakajifanya hawajasikia. Walikuja kumhoji mwigizaji huyu nyumbani kwake, mubashara, kusherehekea kazi yake ya miaka mingi. Nchi nzima ilimwita Shababi. Aliigiza kijana mpenda wasichana tangu alipokuwa kijana kweli, na hadi leo, magoti yakimlia kila akiinama, alikuwa bado yule yule kijana.

Mke wake aliokota kiatu, akamvuta mumewe chumbani.

“Umemkana mtoto mbele ya watu?”

“Nielewe, mke wangu! Shababi awe na mjukuu? Si nitachekwa!”

“Binti yako ulimfundisha akuite kaka nje ya nyumba hii, akanyamaza. Siku ya harusi yake ukajitambulisha kaka wa bibi harusi, akanyamaza. Leo umemgusa mwanawe. Kamtazame anavyofungasha!”

Jamani, tusimcheke peke yake. Ni akina baba wangapi wanachangamkia kila mpita njia, wakifika kwao wananuna?

Binti akatokea, begi begani, mwanawe mkononi.

“Kwaheri, kaka,” alisema.

Hakupaza sauti.

“Tunaingia hewani!” mtangazaji aliita. Shababi akakimbilia kiti chake, wigi limekaa upande. Mkewe alisimama nyuma ya kamera, akimtazama binti, aliyekuwa ameshashika kitasa cha mlango. Akitoka leo, harudi.

“Shababi, watazamaji wanauliza: siri ya kubaki kijana ni nini?”

Shababi alitazama kamera. Akatazama mlango.

“Siri ni hii hapa,” akasema, akavua wigi. Kipara kikang’aa chini ya zile taa!

“Toba!” mpiga kamera aliguta.

“Binti yangu, usiondoke! Ndugu watazamaji, yule ni mwanangu wa kumzaa. Sina dada pale. Na huyo mwenye kiatu kimoja ni mjukuu wangu. Nimemkana leo humu humu ndani. Nimekosa.”

Mtoto akachomoka mkononi mwa mama yake, akakwea mapajani.

“Babu, nywele zako zimekufa?”

“Zamani sana, bibie.”

Mkewe alicheka hadi akakaa sakafuni. Binti akatua begi, akaja kumfuta babake jasho mbele ya nchi nzima.

“Baba, unanitia aibu,” alisema, akilia na kucheka.

FUNZO

Kuigiza ni kazi, na kazi ina mavazi yake. Ukirudi kwako, yavue. Mtoto anataka mzazi anayemtaja kwa sauti mbele za watu, basi. Nanyi akina mama mnaonyamaza ili mume apendeze nje, mnamsaidia kupotea. Kama yupo uliyemficha, usimalize hata kupanga maneno. Weka kitabu hiki chini, kamwite.