Mlango Alioutoa Thembo

Thembo alikuwa fundi wa kompyuta pale Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani, na kama mafundi wengi alikuwa na ulimi mwepesi na subira fupi. Jioni ile alitaka kufunga duka mapema. Mkewe Rusi alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, na tangu mtoto azaliwe Thembo hakupenda giza limkute njiani.

Lakini kulikuwa na kompyuta ya Anselme.

Anselme, mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliileta ikiwa imekufa. Ilikuwa ya mdogo wake Célestin, aliyechukuliwa na mto Lhubiriha ulipofurika. Thembo alikuwa ameokoa kila kilichokuwa kwenye diski, picha za harusi, nyimbo za kanisa, akahamishia vyote kwenye diski mpya. Ila mashine haikuwaka. Ile sehemu ndogo ya diski inayoiamsha kompyuta, ambayo Thembo alizoea kuiita mlango, haikuwepo. Haikuharibika kwa maji. Ilifutwa, na mtu aliyejua anachofanya.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia.

"Nikupatie mafaili kwa flash, mzee," alisema. "Picha yote iko sawa."

"Hapana." Anselme alikuwa amesimama nje ya kizingiti, haingii wala haketi. "Picha sina nayo kazi. Nataka iamuke."

"Nani alifuta hii kitu?"

"Mujane wake."

"Kwa nini?"

Anselme akatazama barabarani. "Wanamuke wako na woga."

Diski ikazunguka. Ta... ta... ta... Harufu ikapanda kutoka kwenye mashine, na haikuwa ya waya kuungua. Ilikuwa ya tope bichi la mtoni. Thembo akajiambia ni mvua inakuja, ingawa mbingu ilikuwa safi.

Kuujenga mlango upya kungemchelewesha. Kulikuwa na njia ya mkato: kunakili mlango wa kompyuta yake mwenyewe ya dukani na kuupachika kwenye diski ya mgeni. Si ufundi wa kujivunia, lakini mteja hajui, na Rusi alikuwa anangoja.

"Basi nitaweka mlango ya kwangu," alisema.

Anselme akageuka upesi. Akanong'ona.

"Ya kwako... unamupatia?"

"Eeh."

"Wewe mwenyewe? Mimi sikukulazimisha?"

"Mzee, natoa. Kwani iko nini?"

"Sema namupatia Célestin."

Thembo akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kwenda kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayamgharimu mtu kitu. Akayasema.

Akaunakili mlango, akaupachika, akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Kioo kikang'aa. Jina la Célestin likajitokeza, na chini yake neno la kumkaribisha kwa Kifaransa.

Kisha nyuma ya Thembo feni ikaanza kuvuma. Ilikuwa ya kompyuta yake mwenyewe, aliyokuwa ameizima na kuchomoa waya mara tu alipomaliza kunakili. Kwenye kioo chake, jina lilikuwa lile lile.

Alipogeuka kumuuliza Anselme, kizingiti kilikuwa kitupu. Mzee alishapanda bodaboda, anaelekea mpakani. Kompyuta aliyoililia wiki nzima ameiacha mezani.

Mbambu, muuza samaki wakavu wa duka la pili, akachungulia. "Thembo, huyo si wa ile nyumba waligeuza mlango?"

"Waligeuza namna gani?"

"Ukoo yao, mtu akifa kwa maji, wanang'oa mlango, wanahamisha bawaba upande ingine. Akirudi hajui kuingia. Basi kila jioni anapiga hodi kwa ndugu yake..." Mbambu akashusha sauti. "Mpaka mtu baki amupe mlango yake. Kwa kinywa yake."

Thembo akaacha duka wazi. Akakimbia.

Rusi alikuwa jikoni nje, anapuliza moto.

"Mtoto iko wapi?"

Rusi akamtazama, akamtazama tena. "Si nimekupa wewe sasa hivi?"

"Mimi?"

"Umeingia hata salamu hukunipa. Nikakupa mtoto nipike." Akaigusa nguo ya mumewe. "Thembo... nguo yako ilikuwa inachuruzika maji. Mbona sasa imekauka?"

Kutoka jikoni hadi mlangoni, ardhi ilikuwa na alama za nyayo zilizolowa. Ile harufu ya tope ilikuwepo. Ndani mtoto alikuwa analia.

Thembo akausukuma mlango, upande ule ule anaousukuma kila siku. Haukutikisika. Akasukuma tena kwa bega. Ndipo akaziona bawaba.

Zilikuwa upande mwingine.

Mtoto akanyamaza ghafla, kama mtoto aliyebembelezwa akatulia.

"Hodi," akasema Thembo, mlangoni pake mwenyewe. Hakujua aseme nini kingine.

Ndani, mtu akauliza taratibu ni nani. Rusi akaangusha kijiko. Sauti ile ilikuwa ya mumewe.