Sikio la Kushoto la Bi Upande

Kilichomshangaza kwanza Bi Upande ni uzito. Vilikuwa visahani viwili vya mbao, kila kimoja hakizidi kiganja, lakini alipovitoa kwenye kasha la kijani vilimvuta mikono chini kama mawe. Ndani yake kitu kikateleza, kikahamia upande mwingine, kikatulia. Kila kisahani kilikuwa na mpira mwembamba wa kuchomeka sikioni, kama kile kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo.

Yeye na mumewe, Turubai, walikuwa na duka la vitu vikuukuu vya jeshi: mahema, mabuti, madumu, vitanda vya kukunja. Mume alinunua kwa mafungu bila kuchagua. Mke ndiye aliyekaa sakafuni kupambanua kipi ni nini, maana mteja hanunui kitu asichokijua kazi yake. Jina la Bi Upande alibandikwa na majirani. Homa ya utotoni ilimuulia sikio la kushoto, hivyo ukimsemesha ilibidi akugeuzie upande wa kulia.

Shemeji yake alisema visahani vile ni vya kupimia farasi mapigo ya moyo. Turubai akasema ni mizani, tena mbovu. Wakacheka, wakaenda zao kushusha mahema. Bi Upande akaviweka sakafuni, akajichomeka mipira masikioni.

Sikio la kulia halikusikia kitu. La kushoto, lile lililokufa, likasikia *kwaru*. Kimya. *Kwaru*.

Aling'oa mipira mara moja. Kisha akairudisha.

Turubai alipojaribu naye aliambulia vishindo vya wapita njia tu, akadhani mkewe anamtania. Lakini baada ya muda mfupi sikio lile la kushoto la Bi Upande likaanza kusikia hata bila mipira: cherehani ya jirani, maji yakichemka, nzi dirishani. Binti yao, aliyeanza shule mwaka ule, ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alimparamia mama yake mapajani na kumnong'oneza siri kwenye sikio la kushoto, na mama alipozirudia neno kwa neno, wote wawili walicheka mpaka machozi. Kwa ajili ya kicheko hicho, Bi Upande hakumwambia mtu kwamba na ile *kwaru* ilikuwa ikisogea.

Duka likaanza kunuka udongo mbichi, udongo wa kaburi linalochimbwa, ilhali sakafu ilikuwa ya saruji na mvua ilikwisha kusahaulika. Asubuhi moja alikuta punje za udongo kwenye mto wake, upande wa kushoto. Akazikung'uta nje kabla mumewe hajaamka.

Aliyekuja kukijua kitu kile ni mzee mmoja mwanajeshi mstaafu, waliyemwita Sajini. Alikuja kutafuta mabuti. Alipoviona visahani aliketi juu ya fungu la mahema bila kukaribishwa, akavigeuzageuza kwa muda mrefu. Akawaeleza kuwa zamani, vitani, adui alichimba chini kwa chini mpaka chini ya handaki lako akakutegea baruti. Basi askari mmoja alilala kifudifudi na visahani hivi, ambavyo tumboni vina zebaki, akaisikiliza ardhi. Ni viwili ili ujue adui yuko wapi: unavisogeza mpaka masikio yote mawili yasikie sawasawa, na hapo mbele yako ndipo alipo.

"Na ukimsikia anachimba?" Turubai akauliza.

"Ukimsikia, shukuru. Bado yuko njiani. Akinyamaza ndipo ukimbie, maana amefika."

Bi Upande akauliza kwa sauti ya chini, je, kama anasikika kwenye sikio moja tu? Sajini akamjibu kwamba basi yuko upande huo, na msikilizaji akigeuka, sauti itahamia sikio jingine.

Bi Upande akavaa mipira. *Kwaru*, kushoto, ukutani. Akageukia mlango, na sauti ikawa kushoto, akageukia ukuta, ikawa kushoto, akazunguka duka zima akiburuta visahani sakafuni huku Sajini na Turubai wakimfuata kwa macho na jasho likimtiririka mgongoni, na kila alikoelekea ile *kwaru* ilikuwa kushoto kwake, karibu kuliko ukuta, karibu kuliko bega, kucha zikikwangua kitu laini ambacho hakikuwa udongo wala saruji, mpaka Sajini akaishika ile mipira na kumvua polepole.

"Mwanangu," akasema, "huyu hachimbi ardhi."

Pale pale kukwangua kukakoma.

Turubai hakufunga hata mlango wa duka. Alimshika mkewe mkono wakaenda kwa bibi mmoja mganga, nyuma ya mashine ya kusaga. Mganga akamkalisha mkekani, akamfukiza, akauliza nani yumo. Sauti iliyomtoka Bi Upande ilikuwa kavu, haina haraka.

"Nilikuwa chini. Walinisikiliza, nami nikawasikiliza."

"Kwa mtoto wa watu umefuata nini?"

"Nilikuta chumba hakina mtu."

"Kina mwenyewe."

"Basi mwenyewe aseme nitoke."

Mganga akamwambia Bi Upande kwamba hapo fimbo wala dawa haifai, neno liko kwake. Naye alijua neno hilo litaondoka na nini. Alikumbuka pumzi ya mwanawe yenye joto, na zile siri za kitoto. Turubai akapiga magoti, akamshika miguu.

"Toka," akasema.

Udongo ukamwagika begani, mkavu, wa kujaa kiganja. Harufu ikakatika. Upande wa kushoto wa dunia ukazimika kama taa, na Bi Upande akalia, mumewe akimshukuru Mungu kwenye sikio la kulia. Visahani vilichukuliwa na Sajini, aliyesema anajua pa kuvipeleka.

Kesho yake binti alirudi kutoka shule, akamparamia mama mapajani, na kabla mama hajamwahi akanong'ona kwenye sikio la kushoto. Bi Upande alihisi pumzi tu. Akageuka ili amweleze taratibu kwamba sikio lile limefungwa tena.

Mtoto hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akilitazama sikio, midomo wazi, ametulia kama mtu anayepewa maagizo. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa," akalinong'oneza. "Sitamwambia mama."